Kijiti cha Kushoto

Celina alifika kwenye meza yangu Jumanne moja, kama saa tano asubuhi, amekumbatia laptopu iliyofungwa kwenye kanga. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Hatukuwa tumeonana tangu baba yake alipofunga banda la gemu pale Magomeni Mapipa. Mimi tangu wakati huo nilikuwa nimehamia mtaa wa Gerezani, kwenye korido ya mafundi iliyo nyuma ya maduka ya vipuri vya magari. Natengeneza kompyuta, pedi za gemu, na vitu vyenye waya ambavyo wengine wameshavikatia tamaa.

"Kaka Nassibu," alisema, "bado unaandika kila kitu kwenye daftari?"

"Bado."

"Basi nimefika penyewe."

Nilimpa stuli. Jirani yangu wa meza, Elisaria, Mchaga wa Machame anayeuza vioo na betri za simu, alisogeza boksi lake ili mgeni apate pa kuweka miguu, kisha akabaki anasikiliza bila kujificha. Koridoni kwetu hakuna siri. Meza ziko karibu mno.

Celina alieleza taratibu. Baba yake, mzee Athanas, alipata kiharusi mwezi wa pili. Kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, sasa anatembea na fimbo mpaka dukani na kurudi. Mkono haukurudi.

"Kila anayekuja kumwona anasema mshukuru Mungu ni wa kushoto," alisema. "Wa kulia ndio wa kula, wa kulia ndio wa kusalimia watu. Wameshasema mpaka na yeye amekubali. Mkono ameuweka mapajani kama mfuko wa mtu aliyeomba amshikie kidogo. Mtaalamu wa mazoezi hospitali anasema miezi hii ndiyo ya kuupigania. Tukiiacha ipite, ndiyo basi. Amempa mpira wa kuminya. Baba anasema yeye si mtoto."

"Na hii laptopu?"

"Gemu alikubali. Ndicho kitu pekee alichokubali. Nilimwambia yule mtaalamu kwamba baba alikuwa na banda la gemu, akacheka, akasema mbona hilo ndilo zoezi lenyewe. Sasa mashine yetu ya zamani haisomi tena, lenzi imezeeka. Shemeji akaweka gemu kwenye kompyuta. Lakini picha inatoka na mistari, na pedi ina wazimu. Baba aliangalia dakika mbili akasema zimeni."

Elisaria aliuliza, "Mzee wa banda la Mapipa? Yule wa kitambaa?"

"Huyo huyo," nikasema.

Sikuendelea, kwa sababu kama ningeendelea nisingemaliza.

Nilikuja Dar nikiwa na miaka kumi na moja, kutoka Lindi, nikakaa kwa shangazi yangu Magomeni. Banda la mzee Athanas lilikuwa mtaa wa pili. Chumba kimoja cha mbele, televisheni nne, benchi mbili, na feni ambayo ilikuwa inageuka upande mmoja tu. Sikuwa na hela ya kucheza. Nilikuwa nakaa chini, kwenye kona, pembeni ya ndoo ya pedi zilizokufa, naangalia wengine. Siku moja akaniletea bisibisi bila kusema neno, akainua kidole kuielekeza ndoo. Nikafungua pedi ya kwanza katika maisha yangu. Sikuiponya. Nilifungua ya pili.

Alikuwa na maneno machache. Televisheni ikileta shida, angekaa mbele yake na kusema, "Badilisha kitu kimoja. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimeiponya." Na alikuwa na sheria moja ambayo kila aliyepita Mapipa anaikumbuka. Aliyefungwa hakutupa pedi wala kuisukuma kwa mwenzake. Alichukua kitambaa kwenye msumari, akaifuta jasho, akampa anayefuata kwa mikono miwili. Aliyempa mwenzake kwa mkono mmoja alirudi mwisho wa foleni, hata kama ni mtu mzima, hata kama ni askari aliyevaa kiraia.

Yote ninayoyajua leo kuhusu kutengeneza vitu yanaanzia kwenye ile ndoo. Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nadhani kuna siku.

* * *

Kwa asiyejua kazi hii: kuna programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu. Vijana wanaiita emuleta. Unaipa nakala ya diski, nayo inajitahidi kuisoma kama mashine halisi ingeisoma. Diski ya mzee Athanas ilikuwa ile iliyowahi kuenea Kariakoo nzima, mpira wa miguu ambao mtu fulani asiyejulikana alifuta timu za Ulaya na kuweka za Bongo, majina ya wachezaji akiyaandika kwa kukisia. Bila diski ile mzee asingecheza. Nyingine alikuwa anaziita mpira wa watu wengine.

Niliiwasha mbele ya Celina. Uwanja ulitokea ukiwa na mistari myeusi iliyosimama, kama mtu anaangalia mechi kutoka nyuma ya nondo za dirisha. Wachezaji hawakuwa na nyuso. Mpira ukipita kwenye kivuli cha jukwaa ulikuwa unapotea, unaibukia kwingine.

"Niachie mpaka kesho jioni," nikasema.

"Huyu tunamwita Polepole, hata chai anakunywa kwa hatua," Elisaria alimwambia Celina. "Watu wa korosho hawa, wanasubiri mti uzae. Lakini akikupa kitu kimepona, kimepona."

"Mangi, uza betri zako," nikasema.

Niliandika kwenye daftari tarehe, jina la gemu, na dalili tatu: mistari, nyuso, mpira. Halafu nikaanza na mistari. Shemeji yao alikuwa ameikuza picha mara nne ya ukubwa wake wa asili. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka picha ing'ae. Lakini gemu za zamani zilichorwa kwa vipande vidogo vinavyopangwa ubavu kwa ubavu, na ukivikuza, mipaka yake inaachana na giza linaonekana katikati. Nikairudisha picha kwenye ukubwa wake wa kuzaliwa. Mistari ikaondoka. Nikaandika.

Nyuso zilinichukua mchana wote. Nilibadilisha kitu kimoja, nikazima, nikawasha, nikaangalia. Kwa kila jaribio lisilofaa nilirudisha kitu mahali pake kabla ya kugusa kingine. Jaribio la tisa ndilo lililokubali. Niliiambia programu iache kutegemea chipu ya picha, ichore kwa nguvu ya kompyuta yenyewe. Kazi ikawa nzito kidogo, feni ikaanza kulia, lakini nyuso zikarudi, na mpira ukaacha kupotea. Nyuso zenyewe zilikuwa mbaya vilevile kama zamani, pua za mraba, macho yasiyopepesa. Nilifurahi kuziona kuliko ninavyoweza kueleza.

Ikabaki pedi. Ilikuwa mpya, ya bei ya chini, aina inayouzwa kwa mafungu mtaa wa pili kutoka sokoni. Pedi ina vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba. Cha kushoto ndicho kinachomwendesha mchezaji, na vitufe vya kulia ndivyo vya pasi na shuti. Kijiti cha kushoto cha pedi hii kilikuwa hakitulii. Hata ukiiweka mezani bila kuigusa, mchezaji alikuwa anatembea mwenyewe kwenda kulia mpaka anatoka nje ya uwanja.

Ugonjwa huu ni wa kawaida mno kwetu, na dawa yake pia ni ya kawaida. Ndani ya programu kuna mpangilio unaoiambia kompyuta: kijiti kikisogea kidogo, usikisikilize, subiri mpaka kisukumwe kwa nguvu. Koridoni tunauita uziwi. Pedi ikitembea yenyewe, fundi anaongeza uziwi mpaka itulie. Sijui fundi wa Gerezani asiyefanya hivyo. Mteja analeta pedi asubuhi, anaichukua mchana, mchezaji amesimama wima kama askari wa gwaride, kila mtu anaenda nyumbani na amani yake.

Niliongeza uziwi mpaka asilimia thelathini na tano. Mchezaji akasimama. Nikasukuma kijiti kwa kidole changu, akakimbia vizuri. Elisaria akajaribu, akafunga bao, akajisifu. Nikaandika kwenye daftari: *Pedi, uziwi 35, imetulia.* Nikafunga daftari.

Celina alipokuja Jumatano jioni aliangalia skrini muda mrefu.

"Kama zile za banda," alisema. "Mungu akubariki, kaka Nassibu."

Nilijisikia vizuri. Niliona kwamba nimemlipa mzee kidogo, hata kama hajui.

* * *

Ijumaa alirudi mikono mitupu. Alikaa kwenye ile stuli akaanza kukunja ncha ya mtandio wake.

"Picha imempendeza," alisema. "Alikaa kabisa. Akaishika pedi, nikamsaidia kukiweka kidole cha kushoto juu ya kijiti. Akasukuma. Mchezaji hakusogea. Akasukuma tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Hakusogea. Mimi nikachukua, nikasukuma, akakimbia. Baba akaniangalia, akasema, 'Mmeona sasa. Umekufa huo.' Akaweka pedi chini. Jana ilikuwa siku ya mazoezi hospitali, amekataa kwenda. Anasema haendi tena, wasimchezee akili."

Hakulia. Ingekuwa rahisi zaidi kumsikiliza kama angelia.

Elisaria alikuwa ameacha kuhesabu betri zake. "Hamishia kazi yote kulia," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Kijiti cha kulia kimwendeshe mchezaji, vitufe vya juu vipige mpira. Unaweza hiyo, Polepole. Mzee acheze kwa mkono mmoja, afurahi. Si lazima kila kitu kiwe dawa."

Hakuwa amekosea kabisa. Mtu mwenye huzuni anastahili kufurahi, na dakika kumi zingenitosha kuipanga pedi upya. Nilifungua daftari hata nikaandika: *Hamisha kwenda kulia.* Lakini mstari wa juu yake ulikuwa unaniangalia, ule wa uziwi, na sikujua kwa nini unanisumbua. Nilichojua ni kwamba nilikuwa naandika dawa ya pili bila kuuona ugonjwa. Nilikuwa nimeipima pedi kwa kidole changu na cha Elisaria. Cha mzee sikuwahi kukiona.

"Kesho nitakuja nyumbani," nikamwambia Celina. "Usimwambie nakuja kutengeneza. Mwambie nakuja kumsalimia. Ni kweli vilevile."

* * *

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilifika Magomeni na begi langu la kazi. Chumba cha banda siku hizi ni saluni ya kike, lakini msumari wa kitambaa bado upo ukutani; wameutundikia kioo cha mkononi. Mzee Athanas alikuwa amekaa sebuleni, mwembamba kuliko nilivyomwacha, shati limepigwa pasi. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, kiganja juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nassibu wa ndoo."

"Ndiyo, mzee."

"Umenenepa."

"Nakaa sana."

"Celina anasema umekuja kunisalimia. Begi la nini?"

Nikalisukuma begi nyuma ya miguu yangu. Yeye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tuliongea kidogo habari za kwao Masasi na za kwetu Lindi, nani yuko hai, barabara ikoje. Halafu nikamwomba ruhusa nikae karibu yake niangalie kitu kimoja tu, asinielewe vibaya. Alivuta pumzi. Alisema nifanye haraka, hana hamu ya kuonyeshwa mara mbili.

Sikufungua gemu. Nilifungua dirisha la mipangilio, lile linaloonyesha kijiti chenyewe: duara kubwa, na ndani yake nukta nyeupe inayofuata kidole. Katikati ya duara kuna sehemu ya kijivu. Nukta ikiwa ndani ya kijivu, kompyuta haisikii. Huo ndio uziwi wenyewe, ukiuona kwa macho.

Niliinua mkono wake nikauweka kwenye pedi, kidole gumba juu ya kijiti. Ulikuwa mzito na wa baridi kidogo.

"Sukuma, mzee. Kwenda kushoto."

"Nimeshasukuma mpaka nikachoka."

"Najua. Mara moja tu."

Sikuangalia skrini kwanza. Niliangalia kidole. Ukucha ukabadilika rangi, kutoka waridi kwenda mweupe, kama unavyobadilika ukucha wa mtu yeyote anayebonyeza kitu. Halafu nikaangalia skrini. Nukta ilikuwa imesogea. Ilitetemeka, ikaenda kushoto kama upana wa punje ya mchele, ikasimama. Namba pembeni yake ilisoma sita. Ikapanda tisa. Ikafika kumi na moja, ikabaki hapo, na nukta ikateleza kurudi kulia alipochoka.

Kumi na moja. Na mimi nilikuwa nimeiambia kompyuta isisikilize chochote chini ya thelathini na tano.

Niliisoma tena ile namba. Celina aliniita kutoka mlangoni. Nilikuwa nawakumbuka wote niliowaongezea uziwi miaka hii yote, na jinsi hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika, kwa sababu vidole vyao vyote vilikuwa na nguvu. Walisukuma mpaka mwisho bila kujua kuna mahali pa kupita. Huyu mmoja alikuwa ameishia njiani kwenye kijivu changu, akaambiwa hajasogea, akaamini.

"Mzee," nikasema, "mkono wako haujafa. Kosa ni langu."

Nilimwonyesha. Nilimweleza pedi ilivyokuwa inatembea yenyewe, na nilivyoinyamazisha, na ile sehemu ya kijivu ni nini. Sikupunguza neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa anasikiliza televisheni mbovu.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na kiziwi," alisema.

"Ndiyo. Na kiziwi nilimtengeneza mimi."

"Mtoe."

Nikapunguza uziwi mpaka asilimia tatu, nikafungua gemu. Mpira ukawekwa kati. Na kama nilivyojua, pedi ikarudia wazimu wake. Mchezaji wa mzee akaanza kutembea mwenyewe kwenda kulia, taratibu, anaacha mpira nyuma.

"Huyo nani anamwendesha?" mzee aliuliza.

"Hakuna mtu. Ni ugonjwa wa pedi."

"Anatoka nje huyo. Mrudishe."

"Mrudishe wewe, mzee."

Alinitazama, halafu akatazama mkono wake. Ukucha ukawa mweupe. Kwa muda hakuna kilichobadilika, miguu ya yule mtu ikaendelea kukanyaga majani kuelekea mstari wa pembeni. Kisha akapunguza mwendo. Kisha akasimama.

Alisimama tu. Mtu mwingine angeingia chumbani wakati ule asingeona chochote, mchezaji wa pua ya mraba amesimama karibu na mstari, na mzee anatetemeka bega. Lakini sisi watatu tulijua alikuwa anatembea na sasa amesimama, na aliyemsimamisha yuko pale kwenye kiti.

"Celina," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Umemwona?"

"Nimemwona, baba."

Akasukuma tena. Mchezaji akageuka, akapiga hatua moja kuelekea kushoto. Halafu mkono ukachoka, na mchezaji akatoka nje ya uwanja bila pingamizi. Mzee Athanas akacheka, cheko la kukoroma ambalo nililisikia mara ya mwisho nikiwa kijana. Alifuta uso kwa mkono wa kulia.

* * *

Hatukuweza kuacha pedi hivyo. Mtu anayejifunza upya kusukuma hatakiwi kushindana na kijiti kinachovuta. Niliuliza kama ndoo bado ipo.

"Chini ya kitanda," mzee alisema. "Watu wananiambia nitupe. Natupaje vitu ambavyo havijaangaliwa vyote?"

Celina akaiburuta mpaka sebuleni. Kulikuwa na pedi kumi na moja za ile mashine ya zamani. Nilitandika gazeti, nikazipanga, nikazipa namba kwa chaki. Kwenye begi nilikuwa na kile kiunganishi kinachoiwezesha pedi ya zamani kuchomekwa kwenye kompyuta. Nikazijaribu moja moja kwenye lile dirisha la nukta, nikaandika. Mzee aliwekewa kiti karibu, akawa ananisomea historia. Namba mbili ilimwagiwa chai. Namba tano iliangushwa na mtu aliyefungwa sita kwa bila, akafukuzwa wiki mbili. Ya saba ilikuwa ya televisheni ya dirishani.

Namba tatu ilikuwa na vitufe vyote vizima lakini kijiti cha kushoto kimekatika. Namba saba vitufe vyake vimekufa, lakini kijiti chake cha kushoto, nilipokiachia, kilirudi kwenye sifuri kamili na kutulia. Nilikijaribu mara ishirini. Sifuri. Nikapasha chuma cha kuchomelea risasi, nikakitoa kijiti cha ya saba, nikakipandikiza kwenye ya tatu. Mzee alishika tochi ya simu kwa mkono wa kulia. Nilipofika mguu wa mwisho wa kijiti nilipata ujasiri, labda kwa sababu macho yangu yalikuwa kazini.

"Mzee, kuna kitu sikuwahi kukwambia. Ile siku uliyonipa bisibisi. Maisha yangu yote yametoka pale. Nashukuru sana."

Tochi haikutikisika.

"Nilikuona unakaa karibu na ndoo kila siku," alisema. "Nilidhani unataka kuiba. Nilisubiri wiki nzima uibe. Hukuiba. Nikasema basi huyu anataka kujua."

Celina alicheka mpaka akaketi sakafuni. Na mimi nilicheka, nikaunguza kidole.

Saa kumi na nusu pedi ilikuwa tayari. Uziwi niliuweka asilimia mbili. Nikachomeka pedi nyingine niliyokuja nayo begini, tukacheza, mzee na mimi. Sikumwachia ashinde, kwa sababu angejua. Wachezaji wake walikuwa wanatembea kama watu waliotoka msibani, wengine wanasimama katikati ya njia kusubiri kidole kipumzike. Dakika ya themanini hivi mmoja wao, beki mwenye jina lililoandikwa vibaya, alitembea kutoka kati mpaka karibu na kona yangu bila kusimama hata mara moja. Mpira haukuwa naye. Mzee hakujali mpira. Alikuwa anamtembeza tu, mdomo wazi kidogo, ukucha mweupe.

Nilimfunga tano kwa bila.

Filimbi ikalia. Kisha akamwambia Celina amletee kitambaa. Akaiweka pedi mapajani, akaifuta kwa mkono wa kulia, taratibu, mgongo na vitufe na vijiti vyote viwili. Celina alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimwona anainua mkono ili amsaidie, halafu anaurudisha.

Mzee aliishika pedi kwa mkono wa kulia, akainua. Halafu akasubiri. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda kutoka mapajani, unatetemeka, ukasimama katikati, ukapanda tena, mpaka vidole viwili vikagusa chini ya pedi. Havikuwa vinabeba uzito wowote. Lakini vilikuwa pale.

"Aliyefungwa anapisha," alisema. "Chukua, Celina. Zamu yako."

Celina alizunguka kiti, akapiga goti, akaipokea kwa mikono miwili.

"Hospitali Jumatatu wanafungua saa ngapi?" mzee akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya kawaida.

"Saa mbili, baba."

"Tuwahi. Na ule mpira wao wa kuminya uutafute. Nahisi nimeutupia nyuma ya kabati."

Nikafungua daftari. Nikakata ule mstari uliosema *Hamisha kwenda kulia*, na chini yake nikaandika tarehe, uziwi mbili, na namba ambayo nukta yake ilifika kabla sijaondoka. Ilikuwa kumi na nne.